Kosa la Dawa Laandikwa Wapi?

Wengi wetu hapa Buluo tumepata kukesha kando ya kitanda cha mgonjwa, tukimtazama mwuguzi akipima dawa kwa mwanga hafifu. Twamwamini, na ni haki, kwa maana amesomea kazi hiyo. Lakini leo twauliza neno ambalo watu hawapendi kuliuliza: akigundua alfajiri kwamba amempa mtoto dawa isiyo yake, humwambia nani?

Tuyakumbuke mambo ya Ituri, katika nchi yetu hii hii. Tangu Desemba 2014 watu walianza kuletwa hospitalini, wengi wao watoto wadogo, shingo zimepinda na nyuso zimekakamaa. Kwanza ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Hata kufika Agosti 2015 waliopatwa walipita 1000, na 11 walikufa. Madaktari Wasio na Mipaka walichunguza, vidonge vikapimwa. Vile vilivyoandikwa diazepamu, dawa ya kutuliza degedege, vilikuwa na haloperidoli, dawa wanayopewa wagonjwa wa akili! Fikirini basi: mtoto akikakamaa hupewa diazepamu. Aliyepewa tena kutoka chupa ile ile aliongezewa kile kile kilichomwangusha.

Mwuguzi aliyesoma karatasi ya chupa ile alisoma sawasawa. Uwongo ulikuwa chupani. Lakini jambo kama hilo halionekani katika kitanda kimoja. Huonekana pale taarifa za vitanda vingi zinapokutana: mgonjwa gani, kidonge gani, siku gani. Ndivyo ilivyokuwa hata Ulaya na Australia mwaka 1961, madaktari Lenz na McBride walipotoa habari za watoto waliozaliwa na viungo vifupi kwa sababu ya talidomidi waliyoimeza mama zao. Msiba ule ndio uliozaa mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kukusanya taarifa za madhara ya dawa, ulioanza mwaka 1968.

Mbona basi waganga wetu hunyamaza? Wengine hawajui kwamba iko karatasi ya kuandikia. Walio wengi, twadhani, huogopa: mkubwa atafoka, mshahara utakatwa, jamaa wa mgonjwa watakuja na fimbo. Nasi tuliolelewa misioni tumezoea kuona kwamba anayekiri hutafuta maondoleo. Taarifa ya dawa si maungamo. Haiulizi nani mwovu. Yauliza kwa nini chupa mbili zinazofanana zilikaa rafu moja, kwa nini mtu mmoja alikesha na wagonjwa arobaini, kwa nini mwandiko wa daktari hausomeki. Hata kosa lililozuiwa kabla dawa haijamezwa lastahili kuandikwa, kwani kesho halitazuiwa.

Mkubwa wa hospitali anayemwadhibu aliyesema ukweli huwafundisha wote waliobaki kusema uwongo.

Nawe mama, usitupe boksi la dawa kabla mtoto hajapona. Uliza jina la dawa na kipimo chake. Na mwuguzi akija mwenyewe kukuambia, "Mama, nimekosea kipimo," usiite majirani. Mwulize mtoto atazamwe kwa saa ngapi, aangaliwe dalili zipi, na kama jambo lenyewe limekwisha kuandikwa.