Msaidizi Asishike Usukani
Wasee wa Ngong Road, huu mchezo mmeanza lini? Mnaunganisha msaidizi wa AI na Docker, mnamwachia soketi yote, kisha huyo, mnaenda kulala. Na mnajua vizuri kwamba mwenye soketi hiyo anamiliki seva nzima. Kijana wa atachimenti mngempa siku ya kwanza? Julai 2025 msaidizi wa Replit alifuta hifadhidata ya wenyewe, tena ameambiwa asibadilishe kitu. Logi asome mpaka achoke, aniambie kontena gani imekufa na kwa nini. Kuzima na kufuta, aombe ruhusa. Wateja wakikwama saa nane usiku, simu inalia kwangu hapa Jamhuri, na bekapu narudisha mimi.