Pesa ya kaboni ilipie subira ya familia

Habari za vijiji 8 vya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vinavyopokea mabilioni ya shilingi kwa kulinda misitu yao zimefika mbali. Sasa kila mwenye ekari mbili za miti, kuanzia Njombe hadi Meru, anauliza ni lini na yeye ataanza kulipwa kwa hewa ukaa. Swali ni halali, ila mizani si moja. Vijiji vile vinamiliki kwa pamoja msitu wa asili wa zaidi ya hekta 200,000, na vinalipwa kwa kuuzuia usikatwe. Familia ina shamba dogo la miti iliyoipanda yenyewe, na miti hiyo tayari ina kazi nyingine: kuni, mirunda, mbao, nguzo. Kwa familia ya namna hii pesa ya kaboni haitakuwa mshahara, wala haitachukua nafasi ya mbao. Faida yake kubwa ni kuipatia familia uwezo wa kungoja hadi miti ikomae. Mkataba usiofanya kazi hiyo haufai kusainiwa, hata ukiwa na ahadi tamu kiasi gani.

Tuanze na hesabu. Krediti moja ya kaboni ni tani moja ya hewa ukaa iliyoondolewa angani au iliyozuiwa isifike huko. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni, na kila kilo ya kaboni ni sawa na kilo 3.67 za hewa ukaa. Kwa hiyo mti wenye kilo 200 za uzito mkavu umehifadhi takriban kilo 367 za hewa ukaa, ukiacha mizizi. Inahitajika karibu miti mitatu ya ukubwa huo kupata krediti moja, na hakuna iliyofika hapo kwa msimu mmoja. Mpango wa TIST wa wakulima wadogo wanaopanda miti, ulioanza Mpwapwa, Tanzania, mwaka 1999 na kuingia Kenya mwaka 2004, unaonyesha maana yake mfukoni. Wakulima hujiunga katika vikundi vidogo. Mpimaji hupita shambani na GPS na utepe, akihesabu miti na kupima mzingo wa shina kwenye kimo cha kifua. Kila mti ulio hai humpatia mwenyewe malipo ya awali ya senti 2 za Marekani kwa mwaka, na krediti zikishauzwa wakulima wana haki ya asilimia 70 ya faida. Mwenye miti 500 anapata dola 10 za awali, kama shilingi 1,300 za Kenya. Mirunda michache ikiuzwa gulioni inazidi hapo. Huu si utapeli. Ndio ukubwa halisi wa biashara yenyewe, na anayeahidi utajiri kwa ekari mbili ndiye wa kuogopwa.

Kwa nini basi mtu ahangaike? Kwa sababu kinachomfukarisha mkulima wa miti ni kukata mapema. Katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, familia nyingi za Njombe, Mufindi na Kilolo zimepanda mipaina na milingoti. Mpaina wa mbao unatakiwa usimame miaka 18 au zaidi, ukipogolewa na kupunguziwa majirani ili shina linenepe. Mingi ya wakulima wadogo huangushwa kabla ya kutimiza miaka 12. Ada ya chuo inadaiwa au mgonjwa amelazwa, dalali anafika na fedha taslimu, na shamba linauzwa likiwa limesimama, bei ikipatanwa kwa jicho bila kupima ujazo. Siku chache baadaye mashine ya dingdong inapasua magogo membamba kuwa mbao nyepesi zinazopinda zikikauka, huku rundo la vumbi likikaribia kulingana na rundo la mbao. Mwenye njaa hana miiko, na kumhubiria mzazi huyo juu ya tabianchi ni kupoteza muda. Anachohitaji ni mahali pengine pa kupata fedha siku hiyo. Hapo ndipo senti 2 zinapoanza kuwa na maana. Kikundi cha wanachama 12 wenye miti 1,000 kila mmoja kinaweza kupata dola 240 kwa mwaka kwa malipo ya awali peke yake. Zikigawanywa, zinaishia kwenye sukari na mafuta ya taa. Zikiwekwa kwenye mfuko wa kukopeshana, zinaweza kumvusha salama anayedaiwa ada bila kumwita dalali, na mwakani zikamfaa mwingine. Miti iliyookoka hapo inaendelea kunenepa, na inaendelea kuhifadhi kaboni.

Ili fedha hizo zifanye kazi hiyo, lazima zije kwa wakati unaojulikana, na soko la kaboni halina tabia hiyo. Thamani ya soko la hiari duniani ilishuka kutoka zaidi ya dola bilioni 1.8 mwaka 2022 hadi takriban dola milioni 723 mwaka 2023, baada ya wanunuzi kupoteza imani na ubora wa krediti. Kumfunga mkulima kwenye bei ya soko kama hilo ni kumtwisha mnyonge kuliko wote hatari iliyo kubwa kuliko zote. Marekani, ambako familia zinamiliki misitu mingi kuliko serikali kuu au makampuni, upo mpango unaozilipa familia kiwango maalumu kwa kila ekari kwa miaka 20 zikifuata utunzaji uliokubaliwa. Kupanda na kushuka kwa bei ya krediti ni shauri la mwenye mradi. Uganda, mpango wa Trees for Global Benefits, unaoendeshwa tangu mwaka 2003, humlipa mkulima kwa awamu katika miaka 10 ya mwanzo kadiri miti inavyoendelea kuwa hai. Mpangilio huo unasaidia miaka ya mwanzo, ambapo shamba linakula fedha bila kurudisha kitu, lakini awamu ya mwisho ikishalipwa, kinachouzuia mti usikatwe ni thamani ya mti wenyewe tu. Kwa miti ya mbao ningependa malipo yapangwe yaendelee kuja hadi karibu na umri wa kuvuna.

Wapo wanaopinga biashara hii yote kwa sababu ya kimaadili: mwenye kiwanda Ulaya ananunua kibali cha kuendelea kuchafua, na mkulima wa Meru anakuwa fagio lake. Hoja hii ina uzito, na uchunguzi wa vyombo vya habari wa Januari 2023 kuhusu krediti za misitu ya mvua uliipa nguvu, ingawa shirika la Verra lililozithibitisha lilipinga matokeo yake. Lakini ukiitazama vizuri, hoja hiyo inalaumu zaidi krediti za kukisia, zile zinazohesabu ukataji ambao huenda usingetokea kamwe. Mti uliopandwa kwenye shamba lililokuwa tupu unaweza kuguswa na kupimwa. Ambacho kanuni hazijakitatua ni haki: ukoo uliolinda kichaka cha asili kwa vizazi vitatu hauna cha kuuza, kwa kuwa haukubadilisha chochote, huku jirani aliyepanda milingoti juzi akilipwa. Dosari hiyo inahitaji fedha za umma kwa ajili ya vichaka hivyo. Kumnyima jirani malipo yake hakutaurudishia ukoo kitu. Na milingoti nayo iwe na mpaka: ikipandwa kwenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni, na kandokando ya vijito inakunywa maji ya majirani, na mradi unaoilipia mahali hapo unaharibu kimoja ili kuuza kingine.

Hofu nzito zaidi ni kufungwa. Mkataba wa miaka 25 au 30 unaweza kumzika aliyeusaini na kuwakuta warithi wakigawana shamba. Sheria zetu zimeanza kuilinda jamii, lakini familia bado iko nje ya mlango. Kenya, katika marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2023, iliamua kwamba mradi wa ardhi kwenye ardhi ya umma au ya jamii uwe na makubaliano ya maendeleo, na angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia iende kwa jamii. Mwenye hati binafsi ya ekari mbili hakuwekewa kiwango kama hicho, kwa dhana kwamba anaweza kujipatania mwenyewe. Hawezi. Gharama ya kusajili mradi na kuleta wakaguzi ni kubwa kiasi kwamba hana njia ya kulifikia soko bila mtu wa kati, na mtu huyo ndiye anayeandika mkataba, mara nyingi kwa lugha ambayo mkulima haisomi.

Kwa hiyo nchi zetu zianze na mambo machache. Mkataba wa familia uandikwe kwa Kiswahili au lugha ya eneo, na usainiwe na wenzi wote wawili. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 tayari inadai ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani, na kufunga shamba kwa miaka 30 si jambo dogo kuliko hilo. Kuwe na kipengele cha kujitoa kinachotaja gharama kwa tarakimu, na kingine kinachosema mrithi anapokea nini. Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni, kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro, kiweke wazi mgawo wa kila mradi unaohusisha wakulima wadogo, ili kikundi cha Kilolo kijue wenzao wa Mufindi wanapewa nini kabla ya kukaa mezani. Na familia, kabla ya kuuliza bei ya tani, iulize fedha zitafika mwezi gani. Mradi usioweza kulijibu swali hilo haujaandaliwa kwa ajili yao.