Salio Kwanza, Mzigo Baadaye: Wito kwa Wauzaji wa Unguja

Kwenu mnaouza vitambaa Darajani na Mchangani, mnaochonga masanduku na milango, mnaopika keki nyumbani na kuziweka kwenye status ya WhatsApp, mnaotengeneza sabuni za mwani Paje na Jambiani, mnaokodisha vyumba Nungwi, na nyinyi vijana wa Mwanakwerekwe mnaouza simu kwa Instagram: nakuandikieni kwa jambo moja linalotutafuna kimya kimya, na ambalo tunaweza kulizuia kwa makubaliano yasiyotugharimu hata senti moja.

Jambo lenyewe ni malipo ya uongo, nayo huja kwa sura tatu. Katika sura ya kwanza, mteja anapiga simu, sauti ya upole. Amelipenda sanduku lako na habishanii bei. Anasema yuko Dar es Salaam, kijana wake yuko bandarini Malindi, na boti inakaribia kuondoka. Punde simu yako inalia: umepokea shilingi 450,000. Maneno ni yale yale uliyozoea kuyaona, namba ya muamala ipo, hata salio jipya limeandikwa. Unamkabidhi mtu wa bodaboda mzigo. Jioni unakwenda kwa wakala kutoa pesa, naye anakwambia hakuna kitu. Ile meseji mtu aliiandika mwenyewe kwenye simu yake akakutumia. Haikutoka shilingi kwake wala haikuingia shilingi kwako.

Sura ya pili ina madhara zaidi, kwa sababu humchukulia muuzaji na pesa zake pia. Bei ni laki mbili, meseji inasema umepokea laki tano. Hapo hapo simu inaita: "Dada, nisamehe, nimezidisha, ile nyingine ilikuwa ya ada ya mtoto skuli. Nirudishie laki tatu kwa namba hii." Muuzaji mwenye imani anaona dhambi kukaa na mali ya mtu. Anarudisha haraka, kutoka kwenye akiba yake halisi, pesa ambayo hakuipokea kamwe. Amepoteza bidhaa, na juu yake laki tatu.

Sura ya tatu inawalenga wenye nyumba za wageni na wanaotembeza watalii, nayo ndiyo yenye ukoo mrefu duniani. Barua pepe inatoka nje: kundi la watu kumi na wawili, usiku saba, na ziara ya mashamba ya viungo. Malipo yanakuja kwa hundi ya benki ya ng'ambo au kwa kadi, tena ni makubwa kuliko ankara. Mgeni anaomba kilichozidi umtumie dereva au wakala wake, kwa sababu yule hapokei kadi. Unamtumia. Hundi ya nje huchukua wiki kadhaa kabla benki iliyoiandika haijakubali kuilipa. Ikikataliwa, benki yako inaondoa kiasi chote kwenye akaunti yako. Kadi nayo, ikiwa ni ya wizi, mwenyewe wa kweli hulalamika kwa benki yake na pesa hurudishwa kwake, hata kama miezi imepita. Kundi la watalii halifiki. Dereva hakuwepo.

Ndugu zetu walioko ughaibuni nao wanakutana na hili wanapouza samani au gari kuukuu mtandaoni, na huko sheria yenyewe huweza kumpoteza mtu. Marekani, sheria ya mwaka 1987 inazitaka benki zimruhusu mteja kutumia pesa za hundi ndani ya siku chache baada ya kuiweka. Mtu anaona salio limepanda, anaamini hundi imepita, anarudisha "kilichozidi". Wiki mbili tatu baadaye hundi inagundulika kuwa ni ya kughushi, na deni linabaki kwake. Mwambieni hivyo kaka au shangazi aliyeko huko: salio kuonekana benki hakutoshi, lazima benki ithibitishe kwamba hundi imelipwa na benki iliyoiandika.

Ukizitazama sura hizi zote utaona shina ni moja. Kwanza kinakuja kitu cha kusoma: meseji, picha ya risiti ya benki, au hundi yenye muhuri. Pili inakuja haraka: boti inaondoka, mgonjwa yuko hospitali, ofa inakwisha leo. Tatu, kitu cha kweli kinatoka mkononi mwako, iwe mzigo au pesa, kabla hujapata muda wa kukagua. Tapeli haogopi muuzaji msomi wala muuzaji mjanja. Anamuogopa muuzaji anayengoja.

Basi kwa nini hatungoji? Nimewasikia wauzaji wengi wakitoa jibu moja: kuona haya. Sisi tumelelewa kwamba kumkagua mtu usoni pake ni kumvunjia heshima. Mteja amesema amelipa, ameonyesha meseji, sasa wewe ubonyeze simu mbele yake kana kwamba unamshuku? Na iwapo duka la jirani halikagui, unahofia mteja atahamia huko. Kila mmoja wetu akiwa peke yake, tahadhari inamgharimu mteja na inamgharimu sura. Ndiyo maana mawaidha ya kumtaka kila mtu awe macho hayajatosha. Lakini ikiwa maduka yote yanakagua, kukagua si shutuma tena. Kunakuwa desturi ya mji, kama kuvua viatu mlangoni, na hakuna mgeni anayeudhika akiambiwa avue.

Tena desturi ya kudai dhamana si ngeni kwetu. Katika karne ya 19 nyumba za biashara za Mji Mkongwe zilikuwa na ukubwa wa kustaajabisha. Jairam Shivji alikodi forodha ya Sultani. Tharia Topan aliwakopesha wafanyabiashara wa misafara, Tippu Tip akiwa mmoja wao. Nyumba kama hizo zililipana kwa hundi kati ya Unguja na Kutch na Bombay huko India, na mali nyingi ilivuka bahari kwa kipande cha karatasi. Karatasi ile ilikubaliwa kwa sababu aliyeipokea aliijua nyumba iliyoiandika, na nyumba hiyo ilijua kuwa jina lake likichafuka hapa litachafuka na ng'ambo. Wenye biashara wa leo tumebaki na imani ile ile, ilhali karatasi na meseji zinatoka kwa watu tusiowajua kabisa. Kwa mtu usiyemjua, dhamana ni pesa iliyokwisha kuingia, na hakuna nyingine.

Kwa hiyo naomba tukubaliane, wauzaji wote wa Unguja, juu ya kanuni tatu.

Ya kwanza: salio kwanza, mzigo baadaye. Meseji ya kupokea pesa isihesabiwe kuwa malipo. Malipo ni salio ulilolifungua mwenyewe kwenye simu yako: kwa M-Pesa *150*00#, kwa Mixx by Yas *150*01#, kwa Airtel Money *150*60#, kwa HaloPesa *150*88#, na kwa benki kupitia programu yake au tawi (hundi isihesabiwe mpaka benki ithibitishe kwamba imelipwa kweli). Usiangalie salio lililoandikwa ndani ya meseji, kwani hilo tapeli ameliandika mwenyewe. Usibofye kiungo ulichotumiwa "ili upokee malipo", na usimtajie mtu namba yako ya siri. Kupokea pesa hakuhitaji namba ya siri popote pale. Na mtandao ukiwa umekatika, biashara isubiri mtandao urudi. Saa ya mtandao kukatika ndiyo saa anayoipenda tapeli.

Ya pili: hakuna kurudisha "kilichozidi" kwa mkono wako. Aliyekosea kweli kutuma pesa ana njia yake: anapiga huduma kwa wateja wa mtandao wake, na kampuni inashughulikia muamala ule ule uliokosewa. Wewe usiitumie pesa hiyo mpaka jambo limalizike, na hapo umetimiza uaminifu wako wote. Kwa wenye nyumba za wageni, malipo yanayozidi ankara yarudi yote kwa njia ile ile yaliyoingilia, wala usimlipe mtu wa tatu kwa niaba ya mgeni.

Ya tatu: kila jaribio liripotiwe, hata lililoshindwa. Ukipata meseji ya kitapeli, ipeleke kwa namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ili laini iliyotumika ifuatiliwe na kufungiwa. Kila mmoja pia abonyeze *106# aone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Tangu usajili wa alama za vidole ulipoanza Mei 2019, laini ya wizi mara nyingi huwa imebebeshwa jina la mtu asiye na habari, na mtu huyo anaweza kuwa mama yako. Kwa sababu hiyo hiyo nakusihini: kwenye makundi ya WhatsApp tuelezane mbinu, na namba tuzipeleke panapohusika. Tusitangaze jina na picha ya mtu kabla ya uchunguzi, tusije tukamdhulumu asiye na hatia.

Wenye maduka na wauzaji wa mtandaoni, andikeni kanuni ya kwanza ukutani na kwenye wasifu wa akaunti zenu. Mteja akikuharakisha, mjibu kwa maneno haya, yachukue kama yalivyo: "Ahsante sana. Utaratibu wetu sote Unguja ni salio kwanza, mzigo baadaye. Naangalia akaunti yangu, pesa ikionekana mzigo wako unaondoka." Mteja wa kweli atangoja dakika mbili. Asiyeweza kungoja dakika mbili amekwisha kujieleza.

Watu wa bodaboda, madereva wa dala na wapokeaji mizigo bandarini, nyinyi mna sehemu yenu. Tapeli hafiki mwenyewe dukani. Anakutumeni nyinyi, mara nyingi bila nyinyi kujua. Kabla ya kuchukua mzigo mwulizeni muuzaji swali moja: "Umeona salio?" Swali hilo litakulindeni na nyinyi pia, kwa sababu polisi wakianza kufuatilia, mtu wa kwanza kutafutwa ni aliyeonekana akiondoka na mzigo.

Mawakala, mnapomuona mama amekuja kutuma pesa huku simu iko sikioni na mtu anamwelekeza la kubonyeza, msikimbilie kamisheni. Mwambieni akate simu kwanza. Kampuni za simu na benki tunaziomba mambo mawili: msaada wa kuzuia muamala upatikane kwa haraka, na mteja anayeweka hundi aelezwe kwa Kiswahili kilicho wazi siku ambayo hundi hiyo imelipwa kweli. Neno "imepokelewa" linawapoteza wengi.

Masheha, maimamu, walimu wa madrasa na wa skuli, nyinyi mnasikilizwa kuliko tangazo lolote la redio. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, Unguja na Pemba. Kwa nchi ya ukubwa huo, neno likisemwa Ijumaa baada ya sala na Jumatatu asubuhi kwenye mstari wa wanafunzi, kabla wiki haijaisha limeshafika kila nyumba. Watoto ndio wanaoshika simu za bibi zao. Wafundisheni kuangalia salio, nao watawafundisha bibi zao.

Na wewe uliyekwisha kuibiwa, nakuomba usinyamaze. Najua wengi wanaficha kwa kuogopa kuchekwa kwenye baraza, wengine hata waume au wake zao hawajui. Aibu ni ya mwizi. Ukigundua umetapeliwa, piga simu kwa mtandao wako au benki yako saa hiyo hiyo uombe pesa izuiwe, kwani kila saa inayopita pesa inazidi kutawanyika. Usiifute meseji wala kumfungia mtu huyo kabla hujahifadhi namba, mazungumzo na saa ya tukio. Kisha nenda kituo cha polisi kilicho karibu, ufungue taarifa na upewe namba yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kazi Bara na Zanzibar pia, na udanganyifu wa aina hii ni kosa la jinai. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila taarifa unayoiandikisha ni mstari mmoja katika daftari letu sote, na ndiyo itakayowaonyesha wakubwa kwamba tatizo hili lina ukubwa wa kushughulikiwa.

Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, simu imemfungulia soko mama wa Makunduchi ambaye zamani asingemfikia mnunuzi wa Dar es Salaam bila kupanda chombo. Faida hiyo ni yetu, na haifai tuiachie kwa woga, turudi kumuuzia tunayemjua peke yake. Tuilinde kwa pamoja. Usingoje mkutano wala kamati: leo weka maneno "salio kwanza, mzigo baadaye" kwenye status yako, kesho yaandike ukutani, na muuzaji wa jirani yako mwombe afanye hivyo hivyo. Tukishakuwa wengi wa kungoja, hao wanaoishi kwa haraka zetu hawatakuwa na kazi Unguja.