Buku nayo ivae plastiki

Konda wa daladala ya Mbagala hukunja noti kwa urefu na kuzipachika katikati ya vidole kama mtu aliyeshika karata. Noti ya elfu moja iliyotoka benki asubuhi ikiwa imenyooka, jioni imeshalowa jasho, inanuka dizeli na ina mikunjo isiyohesabika. Kesho yake iko Feri, kwenye mkono uliotoka kuparua samaki. Keshokutwa imefungwa kwenye pindo la khanga. Haichukui muda mrefu buluu yake inageuka majivu, uso wa Mwalimu unafifia, na muuza duka anairudisha kwa mteja kwa sababu kona moja imenyofoka na katikati imegangwa kwa selotepu.

Msimbazi haupati mateso hayo. Noti ya elfu kumi hutunzwa, hupangwa, hulala kwenye pochi. Inayouawa na kazi ni buku.

Tanzania iliwahi kulikiri tatizo hili. Oktoba 2014 Benki Kuu ilileta sarafu ya shilingi 500, na hoja yake ilikuwa kwamba noti ya jero inachakaa upesi mno kwa kupita mikono mingi. Jero ikawa chuma. Mzigo wa chenji ukahamia kwa buku, nayo ikaachwa vilevile, karatasi ya pamba. Kati ya karatasi na chuma ipo njia ya tatu, na Australia imeitembea tangu mwaka 1988.

Safari ya Waaustralia haikuanza kwa kero ya noti chakavu. Ilianza kwa wizi. Februari 1966 nchi hiyo iliacha pauni ikaingia kwenye dola, ikajisifu kwa noti mpya zenye ulinzi wa kisasa. Kabla mwaka haujaisha, noti bandia za dola 10 zilikuwa mitaani, zimechapwa kwa vifaa vya kawaida tu. Gavana wa Benki Kuu, H. C. Coombs, aliwaendea wanasayansi wa CSIRO, shirika la utafiti la serikali. Mmoja wao, mkemia David Solomon, ndiye aliyekuja kuongoza kazi ya kuachana na karatasi. Ilichukua takriban miaka 20. Januari 1988, katika kuadhimisha miaka 200 tangu Waingereza waweke makazi yao huko, ikatoka dola 10 ya plastiki. Kufikia 1996 noti zote za Australia zilikuwa za plastiki, na hakuna nchi iliyokuwa imeitangulia.

Wengine walikuwa wamejaribu mapema zaidi. Haiti mwaka 1980 na Costa Rica mwaka 1983 zilichapa noti kwenye Tyvek, kitambaa cha nyuzi za plastiki. Haiti, nchi ya joto na unyevunyevu, wino ulipakaa. Kisa hicho ni kifupi, lakini mtu wa Dar es Salaam au Mombasa angefaa kukisoma mara mbili, maana joto na unyevunyevu ndiyo hali ya hewa anayoamka nayo.

Siri imo kwenye uchapaji. Punje za polipropilini, zinazokaribia punje za mchele kwa umbo, huyeyushwa kisha hupulizwa kama pulizo lenye kimo cha ghorofa kadhaa, hadi utando wake uwe mwembamba na mgumu kuchanika. Utando huo ni angavu kama kioo. Ndipo hupakwa wino mweupe pande zote mbili, tabaka juu ya tabaka, ila mahali pamoja panaachwa wazi makusudi. Pale ndipo dirisha la noti. Mashine ya fotokopi inaweza kuiga rangi na sura ya kiongozi, lakini haiwezi kuchapa uwazi. Baada ya hapo huja rangi za nyuma, kisha bamba la kuchongwa linalokandamiza wino mzito mpaka kidole kiuhisi, kisha namba, na mwisho varnishi ya kuukinga wino. Varnishi hiyo, ambayo hakuna anayeiona, ndiyo inayoamua noti itaishi au itafifia.

Nigeria inaijua habari hiyo. Mwaka 2007 ilitoa naira 20 ya plastiki, na 2009 ikafuatisha naira 5, 10 na 50. Wazo lilikuwa sahihi kabisa: zianze noti ndogo, zile zinazochoka. Lakini haukupita muda watu wakaanza kulalamika kwamba wino unatoka na noti inabaki nyeupe kama mfuko wa maziwa. Zambia ilikuwa imetangulia mwaka 2003 kwa noti za kwacha 500 na 1,000, ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kuzungusha plastiki. Msumbiji, jirani wa kusini, ilianza 2011 kwa metikali 20, 50 na 100. Na Mtanzania anayefanya kazi Dubai ameshazoea kupokea dirhamu 5 na 10 za plastiki tangu 2022.

Wapinzani wana hoja, na nyingine ni nzito. Plastiki haipendi moto. Benki Kuu ya Uingereza inaeleza kwamba noti zake hujikunyata na kuyeyuka joto likizidi nyuzi 120. Noti iliyosahauliwa mfukoni mwa suruali itatoka salama kwenye beseni la kufulia, halafu ifie chini ya pasi ya mkaa. Tena iko hoja ya mafuta. Mwaka 2016, Uingereza ilipotoa pauni 5 ya plastiki yenye picha ya Churchill, iligundulika kuwa ndani ya punje zake mna chembe za shahamu ya wanyama, na watu zaidi ya 130,000 wakatia saini kupinga. Hapa Mwambao, swali la mafuta ya mnyama gani lingefika msikitini kabla halijafika bungeni. Lijibiwe mapema, kwa maandishi. Na wapenzi wa taarab watanung'unika: noti ya plastiki huteleza, haikai kwenye paji la uso la mwimbaji anayetunzwa.

Wala plastiki haimponyi mtu na uzembe. Dola 50 iliyotolewa Australia mwaka 2018 ilikuwa na maandishi madogo mno ya hotuba ya Edith Cowan, na neno moja lilikosa herufi moja, likarudiwa na kosa lake mara tatu kwenye kila noti. Aliyelifichua ni msikilizaji wa redio mwenye kioo cha kukuzia, wakati noti milioni 46 zilikwisha kuingia mikononi mwa watu.

Hata hivyo mizani inaelemea upande mmoja. Waingereza walikadiria kwamba pauni 5 ya plastiki ingeishi mara 2 na nusu ya ile ya karatasi. Noti ya plastiki ni ghali zaidi kuichapa, lakini inachapwa mara chache, na ikifa husagwa ikageuzwa vyungu vya maua badala ya kuchomwa moto. Hesabu hiyo haina maana kwa msimbazi unaolala kwenye pochi. Kwa buku inayotoka kwa konda kwenda kwa muuza samaki, ina maana.

Kwa hiyo Benki Kuu isikurupuke kubadili noti zote. Ichukue ya 1,000 peke yake, iichape kiasi, iipeleke Feri, Kariakoo na Darajani kwa mwaka mzima, kisha ihesabu ngapi zimerudi zimefifia, ngapi zimeungua na ngapi bado zinadai maisha. Na hesabu hiyo ibandikwe hadharani kabla mkataba mwingine wa uchapaji haujatiwa saini.