Mchikichi Umepewa Kipaumbele, Mkindu na Mwale Je?

Na Mwandishi Wetu

Tangu Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, aanzishe mwaka 2018 kampeni ya kufufua zao la mchikichi mkoani Kigoma, matangazo kuhusu miche bora yamekuwa yakitolewa mara kwa mara, na kwa sababu ya msingi: sehemu kubwa ya mafuta ya kula yaliyotumiwa nchini ilikuwa ikiagizwa kutoka nje. Hata hivyo, anayefuatilia matangazo hayo anaweza kudhani kuwa jamii hii ya mimea ina wanachama wawili tu, mchikichi wa Kigoma na mnazi wa pwani.

Jamii hiyo ni pana zaidi. Katika Bonde la Rufiji husimama mivumo, yenye mashina marefu yaliyovimba katikati. Mkoche huota pwani na katika nyanda kavu zenye maji chini ya ardhi. Ni miongoni mwa mimea michache ya jamii hii inayogawanyika matawi, na majani yake machanga ndiyo miyaa ya kusukia mikeka na vikapu. Mkindu hufuata kingo za mito na mabwawa. Mwale hukaa vinamasini, na majani yake huweza kuzidi urefu wa mita 10. Mtende na mpopoo ni wageni wa biashara ya Bahari ya Hindi. Kisiwani Pemba kuna mpapindi, usioota kiasili mahali pengine popote duniani, unaopatikana katika Msitu wa Ngezi. Jamaa zake wa karibu wako Madagaska na Komoro, si Bara.

Ukiichora ramani ya mimea hii, kwa kiasi kikubwa umechora ramani ya maji. Hapo ndipo penye mvutano, kwa kuwa mchikichi nao hupenda bonde lenye unyevu. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa, shughuli za kudumu au zinazoweza kuathiri hifadhi ya kingo hizo. Mkindu huota ndani ya mita hizo hizo. Kwa mkulima mwenye miche mkononi, bonde la mikindu huonekana pori lisilo na mwenyewe; kwa msukaji wa mikeka, ni ghala lake. Mwale una udhaifu wa ziada: shina lake huchanua mara moja tu kisha hufa, na likikatwa kabla ya kuzaa haliachi mbegu.

Aina ya Tenera inayosambazwa ni chotara wa Dura na Pisifera, yenye kokwa la ganda jembamba na nyama nyingi ya mafuta. Mkulima akiotesha mbegu za Tenera yake mwenyewe hupata mchanganyiko, ndiyo maana anashauriwa kuchukua miche kituoni, kama Kihinga. Mche huo ukishapandwa utakaa shambani miaka zaidi ya 20. Kosa la mahali pa kuupanda halirekebishiki msimu unaofuata.

Kwa hiyo halmashauri zingefanya vyema kutembelea mabonde pamoja na wasukaji, na kuweka alama penye mikindu na miale, kabla miche haijatoka kitaluni.