Waliokaa Mezani Sophiatown



Katika makundi yetu kumezuka hamu ya kutengeneza filamu fupi juu ya ukabila na ubaguzi, kwa simu au kwa kamera ya kuazima. Hamu hiyo twaipokea kwa furaha. Lakini twaona pia desturi moja isiyotupendeza: mmoja huandika yote peke yake, kisha huwagawia wengine maneno ya kusema, hata yule aliyetukanwa kweli huandikiwa uchungu wake na mtu ambaye hakutukanwa kamwe. Ndiyo sababu twataka kuwasimulia habari za filamu ya mwaka 1959 iitwayo Come Back, Africa, na hasa habari za wale walioitengeneza.

Mwongozaji wake, Lionel Rogosin, alikuwa Mmarekani mweupe, mwana wa tajiri wa viwanda vya nguo. Mwaka 1957 alihamia Afrika ya Kusini pamoja na mke wake, akiwa na nia ya kuonyesha ulimwengu utawala wa ubaguzi wa rangi. Angeweza kuandika mwenyewe hadithi ya kuwahurumia weusi, na huko Ulaya wangemshangilia. Badala yake alikaa miezi mingi akisikiliza, kisha akaandika hadithi pamoja na waandishi wawili weusi wa gazeti la Drum la Johannesburg, Bloke Modisane na Lewis Nkosi. Nkosi alikuwa hajatimiza hata miaka 25. Vijana, mlikumbuke hilo.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kusimulia. Zachariah anaondoka Zululand kwa sababu ya njaa, anatafuta kazi katika migodi ya dhahabu, kisha mjini. Anakuwa mtumishi wa nyumbani, anafanya kazi garajini, hotelini, barabarani; kila mahali anafukuzwa. Bila pasi hana kazi, na bila kazi hana haki ya kukaa mjini. Bibi mwajiri hajisumbui kulijua jina lake, anambatiza jingine. Wazee wetu wa Katanga, waliouona mji wa wazungu ukitengwa na cité kwa eneo lililoachwa tupu makusudi, hawangehitaji mfasiri.

Waigizaji hawakuwa watu wa kazi hiyo. Zacharia Mgabi alikuwa mtu wa kawaida wa Johannesburg, na kamera inamwacha awe na aibu yake, na ukimya wake. Bibi mwajiri naye aliigizwa na mwanamke mweupe ambaye katika maisha yake alipinga ubaguzi; alikubali kuvaa sura ya kuchukiza ili ukweli uonekane. Wakubwa wa serikali waliambiwa kwamba inatengenezwa filamu ya muziki na furaha ya wenyeji. Je, huo ulikuwa uongo? Ulikuwa uongo, na hatutaupaka rangi. Lakini waliouomba ukweli ndio waliokuwa wameuzuia kwa sheria, na kusema wazi kungewatia gerezani kwanza wenzake weusi, siyo yeye. Mjadiliane juu ya hilo bila haraka.

Sehemu tunayoipenda kuliko zote ni ile ya shebeen, yaani nganda ya siri, katika mtaa wa Sophiatown, ambao wakati huo ulikuwa ukibomolewa na wakaaji wake kuhamishwa kwa nguvu. Nkosi, Modisane na mwenzao Can Themba wameketi mezani wanabishana kwa maneno yao wenyewe. Na wanamsema nani? Wanamsema mzungu mwema, yule anayempenda Mwafrika mradi tu Mwafrika abaki mpole na mwenye kuhitaji kusaidiwa. Aliyelipia kamera ni mzungu mwenye nia njema. Naye aliyaacha maneno hayo yasikike. Kwetu sisi, hapo ndipo filamu ilipopata heshima yake. Kisha anaingia msichana anayeimba nyimbo mbili tu, Miriam Makeba.

Filamu ilionyeshwa Venice mwaka 1959. Rogosin alirudi kwao, na mwaka 1960 akafungua jumba lake mwenyewe la sinema mjini New York, kwa kuwa filamu za namna hiyo zilikosa mlango. Wenzake walilipa zaidi. Modisane aliondoka nchini mwaka 1959, akafa Ujerumani. Nkosi aliruhusiwa kwenda kusoma Marekani kwa sharti la kutorudi. Themba alifia Swaziland. Makeba alikataliwa kurudi mwaka 1960, alipotaka kumzika mama yake. Alipoimba Kinshasa mwaka 1974, wazazi wenu wengine wakiwa watoto, bado alikuwa mtu asiye na njia ya kwenda kwao. Alirudi mwaka 1990 tu.

Kwa hiyo kundi linalotaka kuanza filamu lituambie kwanza nani wameketi mezani wakati wa kuandika. Na kama mmoja wao atasema neno linalomchoma mwenye kamera, je, litabaki ndani ya filamu, au litakatwa?