HARRIER: Gari la heshima, au mzigo kwa mtaji?

Mfanyabiashara wa Dar es Salaam anayeanza kuona faida husumbuliwa kichwani na mambo mawili: kiwanja na gari. Kiwanja kinaweza kusubiri. Gari halisubiri, kwa kuwa wateja, wakwe na hata maofisa wa benki humpima mtu kwa kile alichokuja nacho. Mtu wa namna hiyo anapotaka kuachana na gari dogo na kupanda gari la juu kidogo, jina la Toyota Harrier huwa miongoni mwa ya kwanza kutajwa.

Kwamba gari hilo ni zuri, hakuna ubishi mkubwa. Swali ambalo mwenye duka anapaswa kulijibu kabla ya kutoa fedha ni jingine: ni Harrier ipi, kwa kazi gani, na kwa fedha zipi?

Harrier iliingia katika soko la Japani Desemba 1997, na nje ya nchi hiyo iliuzwa kwa jina la Lexus RX 300. Tangu mwanzo halikuwa gari la porini. Lilijengwa juu ya msingi wa Camry, yaani gari la saluni lililoinuliwa, wala halina chasisi ya peke yake kama Land Cruiser Prado. Toleo la pili lilitoka mwaka 2003, la tatu mwishoni mwa 2013, na la nne mwaka 2020. Kwa mwenye mtaji wa kawaida, mashindano ya kweli yako kati ya toleo la pili na la tatu.

Toleo la pili ndilo lililolipatia gari hili jina mitaani. Lina urefu wa meta 4.7 hivi, viti vya watu watano, buti pana na mkao wa juu unaompa dereva nafasi ya kuona mbali. Ndani ni kimya, na katika lami ya Barabara ya Morogoro linatulia kama saluni kubwa. Injini zake za kawaida ni tatu: ya lita 2.4 yenye nguvu za farasi 160, ya lita 3.0 yenye farasi 220, na ya lita 3.5 iliyoongezwa mwaka 2006 yenye farasi 280.

Kwa safari za mjini, injini ya 2.4 inatosha. Upungufu wake huonekana gari likiwa limejaa watu na mizigo, na mbele kuna mlima kama Kitonga. Hapo giaboksi yake ya gia nne hushuka, injini inapiga kelele, na dereva analazimika kuwa na subira. Injini ya 3.0 haina shida hiyo, ila subira inayookolewa mlimani hulipiwa kwenye kituo cha mafuta.

Tuchukue mfano wa mtu anayetembea kilomita 40 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 1,040. Kama gari la 2.4 linampa kilomita 8 kwa lita katika foleni za mjini, atahitaji lita 130. Petroli ikiwa shilingi 3,000 kwa lita, ni shilingi 390,000 kwa mwezi. Kama gari la 3.0 linampa kilomita 6 kwa lita, bili inapanda hadi shilingi 520,000. Tofauti ni shilingi 130,000 kila mwezi, au 1,560,000 kwa mwaka. Kwa duka dogo, hiyo ni sehemu ya kodi ya pango.

Mnunuzi makini husoma namba ya chasisi kabla ya kuangalia rangi. ACU30 ni 2.4 inayovuta kwa magurudumu ya mbele tu; ACU35 ni 2.4 inayovuta kwa magurudumu yote manne. Kwa anayeishi na kufanya biashara mjini, ACU30 ndiyo yenye busara: vyuma vya kuharibika ni vichache na mafuta yanapungua. Anayekwenda shamba wakati wa masika atavutiwa na ACU35, lakini ajue kuwa hata hiyo haina gia nzito ya kujinasua katika tope kama Prado. Gari hili linastahimili barabara ya changarawe; halikutengenezwa kwa ajili ya makorongo.

Yako mitego mingine mitatu. Wa kwanza ni Harrier zenye neno AIRS, zinazoelea juu ya mifuko ya hewa badala ya springi za chuma. Zikiwa mpya ni raha tupu. Zikichakaa gari hulala chini, na tengeneza yake ni ghali kuliko shokapu na springi za kawaida. Wa pili ni mkanda wa taimingi katika injini ya 3.0, ambao huhitaji kubadilishwa gari linapofikia kilomita 100,000 hivi. Injini za 2.4 na 3.5 hutumia cheni. Muuzaji wa 3.0 asiyeweza kueleza mkanda ulibadilishwa lini anauza gari pamoja na deni. Wa tatu ni Harrier ya mseto wa petroli na umeme, iliyoanza kuuzwa mwaka 2005. Inabana mafuta kweli, lakini betri kubwa ya gari la umri huo ni gharama inayosubiri tarehe.

Hata 2.4 yenyewe haikukosa dosari. Injini hiyo, inayojulikana kwa mafundi kama 2AZ, ina sifa ya kula oili katika baadhi ya magari, hasa ya miaka ya 2006 hadi 2009, na ziko nyingine ambazo nyuzi za bolti za silinda hedi hulegea na maji kuanza kuvuja. Dawa ni kuikagua ikiwa baridi asubuhi, kutazama moshi wa ekzosi, kupima oili na maji ya rejeta, kisha kumlipa fundi asiyemjua muuzaji. Ada ya fundi huyo ni ndogo kuliko bei ya injini.

Kwa upande wa kodi, hesabu huwachanganya wengi. Ushuru wa bidhaa wa Tanzania kwa magari ya abiria hutofautisha injini inayozidi cc 1,000 lakini isiyozidi cc 2,000 na inayozidi hapo: asilimia 5 kwa ya kwanza na asilimia 10 kwa ya pili. Kwa hiyo 2.4, 3.0 na 3.5 ziko kapu moja. Aidha, gari lililofikisha miaka 8 huongezewa ushuru wa uchakavu, na Harrier zote za toleo la pili sasa zimeuvuka umri huo. Tena TRA hutumia makadirio yake ya thamani, si risiti ya mnunuzi peke yake. Anayefurahia bei ya chini ya gari likiwa bado Japani anaweza kufuta furaha hiyo bandarini.

Hapo ndipo toleo la tatu linapopata hoja. Injini yake ya kawaida ni ya lita 2.0 yenye farasi 151, ambayo iko katika kundi la asilimia 5, na magari ya miaka ya karibuni zaidi ya toleo hilo yanakwepa mzigo wa uchakavu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, hivyo waagizaji wa huko hawana hata nafasi ya kufikiria toleo la pili. Lakini bei ya kununulia iko juu, na giaboksi yake isiyo na hatua za gia, yaani CVT, inataka oili yake maalumu na fundi anayeielewa. Fundi wa kubahatisha anaweza kuila faida yote ya kodi kwa siku moja.

Sasa turudi kwenye fedha. Mfano ni mfanyabiashara wa vitenge Kariakoo mwenye mtaji wa shilingi milioni 60, anayetoa milioni 30 kununua Harrier iliyokwisha kusajiliwa. Kama mtaji wake huzunguka mara nne kwa mwaka na kila mzunguko humpa faida ya asilimia 8, milioni 30 zile zingemletea milioni 9.6 kwa mwaka. Ongeza mafuta ya milioni 4.68 kwa hesabu ya hapo juu. Gari linamgharimu zaidi ya milioni 14 kwa mwaka, kabla ya bima, matairi, matengenezo na kushuka kwa bei.

Wanaolitetea husema Harrier ni fedha iliyoegeshwa, kwa sababu inauzika upesi na spea zake zimejaa Kariakoo na Ilala. Hoja hiyo ina ukweli. Husema pia kwamba gari la heshima humfungulia mtu milango ya mikopo ya bidhaa. Nayo si uongo. Lakini madalali huanza kupanga bei kwa kuangalia herufi ya namba ya usajili, na herufi haisimami. Kila mwaka gari la jana linaonekana la zamani. Isitoshe, mfanyabiashara huuza gari lake siku mzigo umekwama na wadai wamepiga hodi. Siku hiyo bei hupangwa na mnunuzi.

Kwa hiyo ushauri wa kibiashara ni huu. Anayetaka Harrier aitafute 2.4 ya kuvuta mbele, yenye springi za kawaida na historia inayoeleweka, au toleo la tatu la lita 2.0 kama mfuko unaruhusu. Ailipie kwa faida iliyokwisha kutengwa, wala si kwa fedha ambazo ilikuwa zinunue mzigo wa mwezi ujao. Asiye na faida ya namna hiyo aendelee na gari lake dogo kwa mwaka mmoja zaidi. Mteja anaweza kumsifu mtu kwa gari lake, lakini akikuta rafu tupu dukani atakwenda kununua kwa jirani.